Gari lisilo na dereva linajuaje lilipo pale GPS inapokatika?

Mwanafunzi_Mitambo ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, na mradi wangu unahusu kigari kidogo kinachojiendesha chenyewe. Kila ninaposoma habari za magari yasiyo na dereva, kama yale ya Waymo ambayo tangu 2020 hubeba abiria wa kawaida kule Phoenix, Marekani, bila mtu yeyote kwenye usukani, naona yanasifiwa kwa kamera zake, rada zake, mionzi yake ya leza na GPS, kisha mwishoni kabisa, kama chumvi iliyosahaulika, wanataja vihisi mwendo. Nilitaka kuelewa kazi yake hasa, kwa hiyo nikanunua kibao kimoja cha bei nafuu, kisichozidi stempu ya barua kwa ukubwa, chenye akseleromita tatu za kupima mchapuko na jairoskopu tatu za kupima mzunguko.

Nilifanya hesabu ileile tunayofundishwa sekondari: mchapuko ukiujumlisha kwa muda unapata kasi, na kasi ukiijumlisha kwa muda unapata umbali. Nikakiweka kibao mezani, nikawasha programu, sikukigusa tena. Baada ya dakika moja programu ikadai kimesafiri mita 38. Baada ya dakika mbili kilikuwa kimefika mita 150 na ushee, yaani kimeshatoka hosteli, kimevuka uwanja wa mpira na kinaikaribia barabara kuu, na huku nakitazama kipo palepale kando ya kikombe changu cha chai.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, nimeuziwa kibao kibovu? Na kama vyote ndivyo vilivyo, gari lenye abiria linawezaje kuviamini ndani ya handaki, mahali ambapo GPS haifiki?

Mpima_Ramani amejibu:

Ndugu yangu, kibao chako ni kizima na hesabu yako haina dosari. Zitazame tena namba zako mwenyewe: muda umeongezeka mara mbili, umbali wa uongo umeongezeka mara nne. Hiyo ndiyo alama ya kosa dogo lisilobadilika katika kipimo cha mchapuko. Ni kama mizani ya dukani inayoonyesha gramu ishirini kabla hujaweka kitu. Ukipima mara moja hasara ni ndogo, lakini wewe unapima mara mia moja kwa sekunde, unajumlisha zote, kisha jumla hiyo nayo unaijumlisha tena. Mita 38 kwa sekunde 60 zinatokana na kosa la mita 0.02 hivi kwa sekunde ya mraba, ambalo halifiki hata sehemu moja ya mia nne ya mvutano wa dunia. Kwa kihisi cha bei hiyo, hilo si kosa la kulalamikia.

Tena inawezekana kihisi kimeonewa bure, na mwenye kosa ni meza. Akseleromita haina uwezo wa kutofautisha mchapuko na mvutano wa dunia. Yenyewe inahisi kani inayokisukuma kijiwe chake cha ndani, basi. Meza yako ikiwa imeinama kwa sehemu moja ya kumi tu ya digrii, kiasi ambacho hata maji kwenye sahani hayakuonyeshi kwa urahisi, kipande cha mvutano wa dunia kinaingia kwenye mhimili wako wa mbele na kusomeka kama mchapuko wa 0.017. Hapo tayari umeshapata karibu kosa lako lote. Sasa fikiria gari linalopanda mlima, linafunga breki na kulala upande kwenye kona, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana jairoskopu haziepukiki: kazi yao ya kwanza, kabla hata ya kusema gari linaelekea wapi, ni kulinda kumbukumbu ya upande upi ni chini, ili mvutano wa dunia upate kuondolewa kwa usahihi kwenye vipimo vya akseleromita.

Jairoskopu yenyewe, kama hujawahi kuifungua kwa mawazo, haina gurudumu linalozunguka kama zile za vitabu vya zamani. Ndani ya kibao chako mna kijiwe cha silikoni kinachotetemeshwa huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikizungusha kibao, kani ya Coriolis, ile inayojitokeza kitu kinaposogea ndani ya kitu kinachozunguka, hukisukuma kile kijiwe pembeni kidogo, na msogeo huo husomwa kwa mabadiliko ya chaji. Jairoskopu za bei kubwa hutumia mwanga: mionzi miwili inapitishwa kwenye koili moja ya uzi wa kioo kwa kuelekea pande tofauti, na koili ikizunguka, mwonzi mmoja huchelewa kidogo kuliko mwenzake. Hilo lilionyeshwa na Mfaransa Georges Sagnac mwaka 1913, miaka mingi kabla mtu hajafikiria kulitia ndani ya gari.

Ukitaka kuelewa kazi ya vihisi hivi, acha kuviuliza "niko wapi?" Hilo havilijui. Viulize "nimebadilika kiasi gani tangu mara ya mwisho nilipojua niko wapi?" na uviulize mara nyingi, kwa vipindi vifupi sana. Kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kosa lako la mita 38 ni sehemu ya kumi tu ya milimita. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 2.8 katika muda huohuo, na GPS nyingi hutoa jibu kati ya mara moja na mara kumi kwa sekunde. Baina ya jibu moja na jingine, anayejua gari limefanya nini ni kihisi mwendo peke yake.

Kuna kazi nyingine ambayo watu hawaitaji, nayo kwangu ndiyo nzito. Chukua kipima umbali cha leza kilicho juu ya paa, kinachozunguka mara kumi kwa sekunde. Mzunguko ukianza, gari liko hapa. Ukiisha, gari liko mita 2.8 mbele. Bila kurekebisha, ukuta ulionyooka utachorwa umepinda. Vihisi mwendo ndivyo vinavyosema kila nukta ya leza ilipigwa gari likiwa wapi na likiwa limeinama vipi. Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoshinda mashindano ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, katika jangwa la Mojave mwaka 2005, kwa kukimbia kilomita 212 bila dereva kwa muda usiofika saa saba, lilisumbuliwa sana na jambo hili. Kosa la nusu digrii tu katika mwinamo linaifanya ardhi iliyo mita 30 mbele ionekane imenyanyuka kwa sentimita 26, na kwa macho ya kompyuta hilo ni jiwe. Gari litafunga breki kwa ajili ya jiwe ambalo halipo. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya kwanza, hakuna gari hata moja lililomaliza, na lililofika mbali zaidi liliishia kilomita 12 hivi, ingawa sitaki kusema kwamba vihisi ndivyo vilivyoyaangusha yote.

Fundi_wa_Mtaroni amejibu:

Mpima amemaliza ya shuleni, nami niongeze ya gereji. Magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika Japani huja na ramani yake kwenye dashibodi, kwa Kijapani, na wenye magari hutuomba tuing'oe tuweke redio. Kuna gari moja nililishika likiwa na antena ya GPS iliyokatika. Ramani ilikuwa imekwama kwenye mji fulani wa huko kwao, lakini nilipolitoa gereji kwenda kulijaribu, ule mshale uliondoka, na kila nilipokata kona nao ukakata kona, ukipita juu ya nyumba na mito ya Wajapani bila aibu. Nikalifungua. Nyuma ya ile ramani mna kijairoskopu kidogo, na waya mmoja unaoleta mapigo ya spidi kutoka kwenye gia. Kwa hiyo jambo hili si la magari ya kesho. Honda waliuza ramani ya namna hiyo mwaka 1981, kabla raia hajapata GPS ya kutumia, ikiwa na jairoskopu ya gesi na ramani zilizochapwa kwenye karatasi angavu.

Ninalotaka mwanafunzi alishike ni hili: magari hayo hayakupata umbali kwenye akseleromita hata kidogo. Umbali waliuchukua kwenye gurudumu, mwelekeo kwenye jairoskopu. Gurudumu nalo lina uongo wake. Tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likipungua upepo hadi likashuka milimita 3, umeshakosa asilimia moja, na kila kilomita inakudanganya kwa mita 10.

Mwana_wa_Pwani amejibu:

Waheshimiwa, nimesoma nikatabasamu, kwa sababu manahodha wetu waliijua hesabu hii. Kabla ya mitambo, nahodha aliyekuwa hauoni ufuko alitazama dira kupata mwelekeo, akatupa batli kupata kasi ya chombo, akahesabu saa zilizopita, kisha akaweka alama kwenye chati: tupo hapa. Jairoskopu ndiyo dira, gurudumu ndilo batli. Adui wake alikuwa mkondo, kwa kuwa mkondo unabeba chombo na batli yote pamoja, hivyo batli haina habari nao. Kila saa ilivyozidi ndivyo alama ya penseli ilivyozidi kuwa ya kubahatisha, mpaka aone mnara wa taa au atupe bildi ajue kina, ndipo aifute na kuanza upya. Nadhani gari nalo lina minara yake ya taa. Naomba Mpima atueleze ni ipi, hasa mle handakini.

Yusuf_K amejibu:

Samahanini kwa kuingilia. Mnapata taabu yote hii ya nini? Ndege hukatiza bahari usiku kwa vihisi mwendo. Kwa nini kampuni tajiri kama hizo zisifunge kihisi cha ndege kwenye gari, mambo yakaisha?

Mpima_Ramani amejibu:

Ndugu Yusuf, swali lako ni la haki, lakini jibu lake linashangaza. Mfumo mzuri wa inesha, yaani wa vihisi mwendo pekee, kwenye ndege ya abiria, wenye jairoskopu za leza, ukiachwa bila msaada wowote hupotea kwa kiasi cha maili moja ya baharini kwa saa, ambayo ni mita 1,852. Kwa ndege iliyo juu ya bahari, hilo ni jambo dogo. Kwa gari, njia moja ya barabara ina upana wa mita tatu na nusu hivi, na ukikosea mita mbili upo uso kwa uso na lori. Fedha huongeza muda wa kuvumilia, haziondoi upotevu. Kwa upande mwingine, nawasihi msiidharau GPS wala kuitukuza: nayo, hata ikiwa na anga safi, ya kawaida hukosea mita kadhaa, na katikati ya majengo marefu mawimbi yake hugonga vioo kabla ya kufika kwenye antena, hivyo gari huambiwa liko mtaa wa pili.

Mwana wa Pwani, umenitangulia nilikokuwa nakwenda. Kompyuta ya gari hutunza makadirio mawili: niko wapi, na nina shaka kiasi gani. Kila mpigo wa kihisi mwendo huyasogeza makadirio na kuikuza shaka kidogo. Kila ushahidi wa nje, iwe GPS, iwe mstari mweupe ulioonwa na kamera, iwe kona ya jengo iliyogongwa na leza na ambayo tayari imo kwenye ramani, huyavuta makadirio upande wake kwa nguvu inayolingana na uaminifu wa ushahidi huo, na shaka hupungua. Njia hii ya kupatanisha mashahidi wasiokubaliana huitwa chujio la Kalman, kwa jina la Rudolf Kalman aliyeichapisha mwaka 1960, na NASA waliichukua mapema kwa ajili ya safari za Apollo. Uzuri wake ni kwamba haliishii kurekebisha mahali tu. GPS ikiwa nzuri, chujio hujifunza pia kosa la akseleromita, kosa la jairoskopu na ukubwa halisi wa tairi la leo, kwa upepo wa leo.

Sasa tuingie handakini. Chukua la kilomita 3, na gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Litakuwa gizani kwa dakika mbili na robo. Ukitegemea akseleromita peke yake, yenye kosa la nusu ya lile la mwanafunzi, utatoka upande wa pili ukiwa umekosea mita 90 hivi. Hakuna anayefanya hivyo. Gari linashika mahesabu ya fundi wetu, gurudumu na jairoskopu, likiwa limeshapima tairi zake kabla ya kuingia. Likibaki na kosa la asilimia 0.2 katika umbali, hilo ni mita 6 kwa urefu wa handaki lote. Juu ya hapo kompyuta inaambiwa mambo mawili ambayo kila dereva anayajua bila kufundishwa: gari la kawaida haliendi kwa ubavu kama kaa, wala haliruki. Kasi yoyote ya pembeni au ya kwenda juu inayojitokeza kwenye hesabu ni uongo wa vihisi, na inafutwa papo hapo.

Mtaniambia, si kuna leza na ramani? Zipo, lakini handaki refu lenye kuta laini lina ujanja wake. Leza huziona kuta mbili waziwazi, hivyo gari hujua kwa sentimita liko umbali gani kutoka kushoto na kulia. Ila ukuta wa mita ya 500 unafanana na ukuta wa mita ya 900, na leza haina namna ya kujua gari limesonga mbele kiasi gani. Inaweza hata kudhani limesimama. Mpaka utokee mlango wa dharura, feni ya darini au kibao cha alama, shahidi pekee wa umbali ni gurudumu na kihisi mwendo. Na hatari haiishi mlangoni. Majibu ya kwanza ya GPS baada ya kutoka mara nyingi ni mabaya kuliko kutokuwa nayo, na chujio lililotengenezwa kwa pupa litayaamini na kulirusha gari pembeni ya barabara, kwenye ramani angalau.

Kuna mnara mmoja wa taa ambao hauhitaji kitu chochote cha nje: gari kusimama. Magurudumu yakisema sifuri, basi chochote ambacho jairoskopu na akseleromita zinadai wakati huo ni kosa tupu, na kompyuta hulipima na kuliondoa. Kila taa nyekundu ni zawadi. Ndugu mwanafunzi, kibao chako kimekaa kwenye taa nyekundu dakika mbili nzima na wewe hukuitumia.

Fundi_wa_Mtaroni amejibu:

Hilo la kaa limenifurahisha, ila Mpima uweke na angalizo. Kwenye matope au kokoto, gari linakwenda kwa ubavu vizuri sana, na gurudumu linaweza kuzunguka mahali pamoja huku kaunta inahesabu safari. Ni mkondo wa nahodha uliogeuzwa: yeye alibebwa bila batli kujua, hapa batli inahesabu safari na gari halikubebwa.

Mpima_Ramani amejibu:

Ni kweli kabisa, mkuu, na hapo ndipo akseleromita inaporudisha heshima yake. Gurudumu likidai gari limechomoka ghafla na akseleromita haikuhisi msukumo wowote, kompyuta inajua gurudumu linateleza, na kwa sekunde hizo chache humwamini yule mwongo wa polepole dhidi ya mwongo wa haraka.

Mwanafunzi_Mitambo amejibu:

Wakuu, nashukuru mno, nimekaa siku nne na majibu yenu. Kwanza niliweka karatasi iliyokunjwa mara kadhaa chini ya mguu mmoja wa meza, na mita 38 zikageuka kuwa mita 21 upande wa pili, kwa hiyo meza ilikuwa na sehemu yake kweli. Kisha nikaiagiza programu itulie sekunde 30 mwanzoni, ichukue wastani wa kila mhimili na kuutoa kwenye vipimo vyote vinavyofuata. Kosa la dakika moja likashuka hadi mita 3 hivi. Mchana, jua la dirishani lilipokifikia kibao, likapanda tena, nami sikuwa nimegusa kitu.

Jana nikaachana na akseleromita kwa upande wa umbali. Nimefunga kihesabu mizunguko kwenye gurudumu la kigari, mwelekeo nachukua kwenye jairoskopu, na kigari kikisimama programu inapima upya kosa lake. Korido yetu ina mita 40. Kilikwenda hadi mwisho, kikageuka, kikarudi, na kikasimama sentimita 60 kutoka kwenye alama ya chaki niliyoanzia. Tatizo lililobaki ni kwamba kwenye ile kona ya kugeukia, sakafu ni marumaru, magurudumu yanateleza kidogo, na njia ya kurudi inachorwa imepinda kuelekea kushoto. Je, nilaumu gurudumu au jairoskopu?

Mpima_Ramani amejibu:

Usilaumu mtu kabla ya kumhoji. Kizungushe kigari kwa mkono, mizunguko kumi kamili juu ya alama ya chaki, magurudumu yakiwa hewani, kisha usome jairoskopu imehesabu digrii ngapi. Inapaswa kuwa 3,600. Ikisema 3,540, basi kipimo chake ni kifupi kwa sehemu moja ya sitini, na kugeuka nyuzi 180 kunakupotosha nyuzi 3, ambazo kwa mita 40 za kurudi ni mita 2 nzima. Ikitoa 3,600 au karibu yake, rudi kwenye marumaru. Rudia kwa kuzungusha upande wa pili, kwa kuwa kosa la kudumu na kosa la kipimo hutofautiana pale unapogeuza upande. Na kibao ukitoe juu ya betri, kama ndipo ulipokifunga. Lile joto la dirishani unalo pia humo ndani.